Nusu Sentimita

Saa tisa usiku, maili thelathini kutoka Chimbote.
Injini tumeizima ili bahari ilisikie swali.
Nimeshusha chombo kwa kebo, mita arobaini,
kinadondosha mlio ambao sikio langu haliupati
na la pomboo, nadhani, limeuchoka.

Mchana hawapimiki.
Mchana dagaa hujazana bega kwa bega,
kama wangekuwa na mabega,
wingu moja jekundu kwenye skrini,
kelele za soko:
unajua watu wapo, hujui nani kasema nini.
Usiku hofu hulegea, wakatawanyika,
kila mmoja na kipande chake cha giza.
Ndipo sauti humgonga mmoja,
na mmoja hujibu.

Wiki yangu ya kwanza kazini, Wilmer Panta
alimpasua mmoja kwa ukucha wa dole gumba,
akanionyesha kibofu: uzi wa hewa,
mwembamba kuliko punje ya mchele.
"Nyama yake ni kama maji, sauti inapita tu.
Anayejibu ni huyu."
Basi miaka tisa sasa sijapima samaki hata mmoja.
Nimepima pumzi walizozifumbata.

Na pumzi ina hila.
Dagaa akiinamisha kichwa, anapungua kwenye hesabu.
Akinyooka sambamba na uso wa maji, anakua.
Akizama, bahari inamminya, jibu linafifia.
Kwa hiyo namuuliza huyo huyo tena na tena
anapokatiza kwenye koni ya sauti
kama mtu anayepita mbele ya mlango wenye taa,
kisha nachukua wastani.
Wastani ni namna ya kuomba radhi.

Hasi hamsini na tano desibeli.
Naitafsiri: sentimita kumi na moja na nusu.

Sheria inataka kumi na mbili.
Chini ya hapo ni mtoto,
na watoto wakizidi mmoja katika kila kumi
meli hazing'oi nanga.
Katika kumi wetu, watoto ni saba.

Juzi, kabla mtandao haujakatika,
kaka yangu Edilberto aliandika:
"Baba ameshaanza kupaka rangi meli. Mkopo wa nyavu unadai.
Mwambie huyo samaki wako akue."
Baba hakuandika kitu.

Saa kumi tulivuta wavu, kuhakiki.
Nikawalaza juu ya ubao wa kupimia, baridi kama vijiko,
Yoni akisoma kwa sauti ya usingizi:
kumi na moja na nusu. Kumi na moja na nusu.
Kumi na moja. Huyu amekatika.
Kumi na moja na nusu.
Mwangwi haukuwa umedanganya.
Nilitamani udanganye.

Kuna namba moja kwenye fomula,
ukiisogeza kidogo tu, kama unayenyoosha kitambaa cha meza,
dagaa wote wa Peru wanabalehe usiku mmoja.
Niliweka kielekezi juu yake.
Chai ikapoa.

Nilikumbuka mwaka ambao maji yalipata joto, nikiwa na miaka sita:
ndege mwari wakitembea sokoni kwa miguu,
wakidokoa matumbo kati ya viatu vya watu,
na mama akimfukuza mmoja kwa ufagio,
kisha akimrushia kichwa cha samaki, kisha akilia.
Viwanda havikunuka mwaka ule.
Kwetu harufu ya unga wa samaki ndiyo harufu ya pesa,
na hewa safi ilitutisha.

Niliondoa kielekezi.
Sikujisikia shujaa. Nilisikia njaa.

Alfajiri, ukungu mzito, mnara wa simu ukatupata.
Niliandika kwa baba neno moja: Bado.

Tulisafisha ubao. Tukavuta kebo, mita baada ya mita,
chombo kikatoka kinachuruzika, bado kinauliza.

Jibu la baba liliingia tukiwa tunakunywa supu,
halina nukta, halina salamu:
rangi nayo haijakauka